Ukifika, Chechemea Kidogo

Baba yangu uliye mbali,

Shikamoo. Najua barua hii utaigusa kwa vidole kabla ya kuiona kwa macho. Mama anakutumia lile koti la kijivu, anasema mtu aliyekatwa mfupa hatakiwi kupigwa na baridi, na mimi nimefumua bitana yake upande wa kushoto, nikaweka karatasi hizi, nikashona tena. Utaona mishono imekwenda upogo. Usinicheke. Aliyezoea kunikagulia hayupo.

Sitaandika jina lako wala langu. Yule mama anayevuka mpaka kuuza vitenge, ambaye ndiye atakayekuletea koti, ametuambia kwamba karatasi hupita mikono mingi kabla ya kufika. Wewe utanijua tu. Shuleni tulianza kusoma kwa Kiganda, lugha ya Mama, sasa tunasoma kwa Kiingereza. Kiswahili hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilikipata kwako, nikiwa nimeketi chini ya meza ya cherehani nikiokota vipande vya kitambaa huku ukiongea na wateja. Hapa Kampala siku hizi mtu akiongea Kiswahili mlangoni, nyumba nzima inanyamaza, maana ndiyo lugha ya wenye bunduki. Mimi nikikisikia nje moyo unakwenda pande mbili. Kwanza nataka kukimbilia, halafu nataka kujificha.

Nina swali moja, na ndilo lililonifanya nifumue koti lako. Jumanne iliyopita, mchana, mtu alikuja nyumbani Nateete akasimama mlangoni. Nilikuwa peke yangu. Sikumfungulia, akaondoka. Baba, ulikuwa wewe?

Unaweza kushangaa, useme mtoto gani huyu asiyejua kama aliyegonga ni baba yake. Ndiyo maana naandika yote, toka mwanzo, ili uone nilivyofika hapo.

Mtaa mzima ulikujua kwa mwendo. Ulituambia uliumia goti la kushoto ukicheza mpira, kabla sijazaliwa. Likavimba, likapoa, ukalisahau. Lenyewe halikukusahau. Kila mwaka mguu ulizidi kupinda, goti likitoka nje kama mtu anayetaka kuchungulia dirishani. Kiatu cha kushoto kilikuwa kinaisha kisigino upande mmoja, ukibadilisha soli na chenyewe kinaisha tena palepale. Asubuhi ulikuwa unakaa ukingoni mwa kitanda ukilisugua goti kabla ya kusimama, na ukisikia mimi nimeamka ulikuwa unaacha kusugua, unaanza kupiga mluzi. Nilikuwa naona, Baba. Siku zote nilikuwa naona.

Halafu wakamchukua jirani yetu, yule mwalimu. Unakumbuka. Ilikuwa jioni, mtu akaita nje, "Mwalimu, Mwalimu," kwa sauti ya upole kabisa, mkewe akafungua akidhani ni mwanafunzi. Mwalimu alitolewa bila viatu. Viatu vyake hadi leo viko pale mlangoni na mkewe hataki viguswe, hata kufagia anafagia kwa kuvizunguka.

Kesho yake ulivunja matofali ukamwaga vipande njia yote, kutoka bombani hadi barazani kwetu. Ukatukalisha mimi na Mama ukasema, kwa sauti ile unayotumia ukiwa na pini mdomoni:

"Kuanzia leo, mtu wetu haiti. Mtu wetu hajitaji jina. Jina langu kila mtu analo, na sauti hata kasuku anaiga. Mwendo wangu hakuna wa kuuiba. Mkinisikia kwenye matofali, fungueni. Msiponisikia, hata aje mtu na sauti yangu, kaeni kimya."

Mama akauliza, "Na mimi je? Nina mwendo gani?"

"Wewe unatembea kama unayemkimbiza kuku. Tutakujua toka barabarani."

Mama akakurushia kitambaa, tukacheka, na huo ukawa ufunguo wa nyumba yetu. Kop, kwaru. Kop, kwaru. Kop ilikuwa mguu mzima, na kwaru ni ule wa kushoto ulioburuta ukingo wa kisigino. Watoto wa bombani walikuwa wanakuigiza ukipita, na siku moja mmoja wao alikuja hivyo hadi kwenye baraza letu ili wenzake wacheke. Nilikuwa nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, na sikufungua. Alichelewesha kwaru. Wewe hucheleweshi, wewe unaiharakisha, kama mtu anayetoa mguu kwenye makaa. Sikukuambia siku ile kwa sababu niliona haya, lakini nilijivunia. Nilijua maumivu yako kwa masikio.

Kisha ikaja ile siku ya kizuizi, tukitoka Katwe kwenye baraza unaloshonea. Nilikuwa nimebeba bunda la sare za shule. Askari mmoja alikutazama toka mbali, akakuita kwa kidole, kwa kile Kiswahili chao cha kambini kisichojua "una" wala "ana", kila mtu ni "na".

"Wewe. Kuja hapa. Kwa nini natembea namna hiyo?"

"Mguu mbovu, afande."

"Mbovu? Naficha kitu kwa suruali. Tembea tena."

Ukatembea, ukaenda na kurudi. Wenzake walikaa kwenye magogo wakila muwa. Mmoja akasema, "Huyu nacheza ngoma," wakacheka. Yule wa kwanza hakucheka. Akatoa kisu cha bunduki, akachana suruali yako kuanzia chini hadi pajani, na goti likabaki nje mbele ya watu wote, limevimba, limepinda. Akaligusa kwa ncha.

"Hapa katikati mbuzi napita," akasema, na sasa akacheka naye. Halafu akanigeukia. "Na wewe mtoto, nalia nini?"

Sikujua kwamba nalia.

"Ana haya tu, afande," ukajibu. "Hata nyumbani hasemi."

Akatuacha. Njia nzima ulishika suruali kwa mkono ili isipepee. Nyumbani uliiweka kwenye cherehani, ukasema, "Huyu bwana hajui kukata. Angeanzia kwenye mshono ningekuwa nimeshamaliza." Mama alicheka ili usijue anaogopa. Lakini niliona mguu wako wa kushoto unashindwa kusukuma kanyagio, ukauondoa, ukaweka wa kulia, na mshono ukaenda kwa kusitasita kama mtu anayejifunza. Ndipo ulipomwambia Mama kwamba mguu huu utautafutia dawa, kwa sababu goti linaloisha upande mmoja litakuangusha siku moja mbele ya watu wasiopenda mtu aanguke.

Hospitali ulinichukua mimi niwe mdomo wako, maana daktari aliongea Kiingereza. Sijui kama ulijua nilivyoogopa. Darasani nikijua jibu nasubiri mwingine aseme, na sasa nilitakiwa kusema mbele ya daktari mambo ya mwili wa baba yangu. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Kola ya koti lake ilikuwa imefumuka, nilikuona unaitazama. Taa ya kuonyeshea picha haikuwa na balbu, kwa hiyo akaiweka picha ya goti lako kwenye kioo cha dirisha, na mifupa yako ikakaa juu ya mji, juu ya mapaa na miti.

Akasema, nami nikatafsiri, kwamba kati ya mifupa ya goti kuna kitu laini kinachozuia isisagane. Chako kimekwisha upande wa ndani. Pale mfupa umelala juu ya mfupa, na ndiyo sababu mguu unapinda, na ukipinda uzito unazidi kuangukia palepale palipoharibika. Upande wa nje bado ni mzima. Alionyesha kwa kalamu ule uwazi mwembamba ambao bado upo, na nilimwona anaupenda, ule uwazi.

"Muulize kama goti linatolewa," ukaniambia.

Daktari akatikisa kichwa. Wako wanaoliunganisha goti lisikunje tena maisha yote, akasema. Wako ng'ambo wanaoweka la chuma. Mtu mzee sana angefikiria hayo. Lakini wewe bado una nguvu, kazi yako ni ya mguu, na nusu ya goti lako ingali hai. Tulitunze hilo hilo ulilozaliwa nalo. Wangekata mfupa chini kidogo ya goti, upande wa nje, watoe kipande chembamba, waufunge mfupa pale penye pengo, waushike kwa pini za chuma, halafu plasta. Mguu ungenyooka na hata kuelemea kidogo upande wa pili, na uzito wote ungehamia pale palipo pazima.

Hapo Kiswahili kilinipotea. Sikujua nikiiteje hicho kipande, kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine. Nikakichora hewani kwa vidole.

"Pembe tatu," ukasema. "Kama ninavyopunguza kiuno cha suruali."

Daktari akauliza umesema nini. Nilipomwambia, akacheka kwa mara ya kwanza, akasema ndiyo, hivyo hivyo.

Kisha akasema mabaya, na nikayasema yote kwa sababu njiani uliniambia nisikufiche hata neno. Kwamba mfupa unaweza kukataa kuunga. Kwamba kidonda kinaweza kutunga usaha hadi ndani. Kwamba pembeni pale unapita mshipa wa fahamu, na ukiumia mguu hautanyanyua vidole tena. Na hata mambo yakienda vizuri, hili si goti jipya. Ni miaka ya kutembea na kufanya kazi bila maumivu makali, labda kumi, labda zaidi, halafu itaonekana. Sauti yangu ilikuwa inazama, ukaniwekea mkono kwenye bega ili iendelee.

"Muulize kama nitaweza kusujudu."

Akasema utaweza kukunja, ila kulipiga goti sakafuni kunaweza kuuma, utumie kitu laini.

"Na kutembea? Nitatembea kama watu?"

Daktari akaitoa picha dirishani, akatabasamu. Nakumbuka maneno yake, kwa sababu niliyatafsiri nikifurahi. "Mwambie hata mke wake hatamjua akirudi."

Tulicheka wote watatu, Baba. Tulicheka kwa jambo lile.

Mwishoni akafunga mlango akashusha sauti. Hapa haiwezekani, akasema. Plasta inapatikana leo, kesho hakuna, mtaalamu wa kulaza wagonjwa usingizi ameondoka na familia yake, na yeye mwenyewe tusimuulize mwezi ujao atakuwa wapi. Kuna mwenzake upande wa Kenya, mahali ambapo si mbali na kwa Shangazi. Hilo sikukutafsiria mle ndani. Nilikuambia nje barabarani, mdomo kwenye sikio lako, nikijifanya nakutengeneza kola.

Jioni hiyo Mama hakuelewa, kwa hiyo ukamtengenezea mguu. Ulishona bomba la kitambaa cha khaki, ukalijaza vipande, ukalipinda kama wako. Ukakata pembe tatu upande wa nje, ukaunga kwa mshono, na bomba likanyooka mbele ya macho yetu. Mama alilishika muda mrefu.

"Hiki ni kitambaa, bambi," akasema, kwa lile neno lake la Kiganda la kumhurumia mtu. "Kitambaa hakitoki damu."

Ukakata uzi kwa meno. Ule mguu wa khaki bado uko hapa, juu ya cherehani. Mama anaufuta vumbi kama kitu kilicho hai.

Tulipanga kila kitu, sivyo? Ile picha ya mifupa tuliishona kati ya vitambaa viwili iwe kama mto wa kukalia ndani ya basi. Ulimwachia fundi mwenzako wa Katwe ufunguo wa baraza. Tulikubaliana tuwaambie majirani umekwenda kumzika ndugu. Tulipanga hata nani atakubeba kwenye baiskeli kuvuka pale mpakani ambapo magari hayapiti. Na asubuhi ya kuondoka nilisimama nyuma ya mlango nikikusikiliza ukienda kwenye matofali, kop, kwaru, kop, kwaru, hadi bombani, na baada ya bomba sikusikia tena. Tulisahau kitu kimoja tu. Hatukukubaliana ukirudi tutakujuaje.

Kwa yule mama wa vitenge tulipata salamu mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Amekatwa, ameamka, na neno la kwanza aliuliza chai." Mama akaketi palepale chini. Mara ya pili akasema, "Plasta imetoka. Mguu umenyooka kama rula. Anafanya mazoezi uani kwa dada yake, na fimbo karibu ataitupa. Anatembea kama bwana harusi." Mama akapiga kigelegele cha chini chini, mkono mdomoni, majirani wasisikie. Mimi nikacheka hadi nikalia.

Ilikuwa kesho yake, nikifagia majani kwenye vipande vya matofali, ndipo nikaacha ufagio. Kop, kop. Utakuja hivyo. Utakuja kama watu wote. Utakuja kama wao.

Nikakimbia kumtafuta mama wa vitenge, alikuwa ameshaondoka. Nikamwambia Mama. Akasema, "Mtu humjua mumewe tu, mwanangu." Lakini usiku ule nilimsikia anageuka geuka kitandani, na nikajua naye anasikiliza.

Sasa hiyo Jumanne. Shule imefungwa, Mama amekwenda sokoni Nakasero, na mbingu imekuwa nyeusi juu ya Nateete. Nilikuwa napiga pasi. Nikasikia matofali.

Kop. Kop. Kop. Hatua zilizo sawa, si za haraka. Sikusikia kama ni buti au viatu, maana nilishaondoka penye pasi na kuingia chini ya meza ya cherehani, mahali pangu pale pa utotoni, na magoti yangu sasa hayaenei. Akafika barazani. Akagonga polepole, kwa kifundo cha kidole. Kisha mvua ikapiga mabati, unajua inavyoanza kwetu, hakuna anayeweza kusikia hata mawazo yake. Kama alisema neno, mvua ililichukua.

Nataka ujue niliyofikiri, yote. Nilifikiri, huyu anaweza kuwa Baba. Nilifikiri pia, mke wa mwalimu naye alidhani hivyo. Ulimi ulikuwa tayari kuuliza "nani?" lakini ulisema tusiulize, kwa sababu anayeuliza ameshasema kwamba yuko ndani. Kuna tundu kwenye mbao za dirisha. Ningeweza kuchungulia. Niliogopa kukuta jicho upande wa pili. Nilishika ule mguu wa khaki kifuani, nikauma kitambaa, nikaona vivuli vya miguu miwili chini ya mlango, vimesimama sawa, havikuhamisha uzito. Wewe ulikuwa huwezi kusimama hivyo. Kila mara ulikuwa unapumzisha wa kushoto. Lakini huo ni wewe wa zamani. Wa sasa simjui.

Alisimama sana. Mtu mbaya husimama hivyo mvuani? Au mtu mbaya angepiga mlango teke? Halafu vivuli vikaondoka, na katikati ya mvua nikasikia matofali kidogo, sawa, sawa, hadi bombani.

Pasi ilikuwa imeunguza sare ya mtoto wa watu. Ndiyo harufu Mama aliyoikuta alipoingia.

Hakunigombeza. Alinisikiliza, akatoka barazani. Sehemu iliyo chini ya paa ilikuwa kavu, na kwenye saruji kulikuwa na alama za viatu kwa vumbi jekundu. Visigino vyote viwili vimejaa, cha kulia na cha kushoto, hakuna upande ulioliwa. Mama akaenda chini ya kitanda, akarudi na kiatu chako cha zamani cha kushoto, akakiweka juu ya ile alama. Urefu ulilingana. Tukatazamana.

"Wanaume wa Kampala nusu yao wana mguu huu," akasema, kama anayenituliza. Kisha akachukua beseni, akalifunika juu ya ile alama ili isikanyagwe. Beseni liko pale hadi leo. Tunafulia kwenye ndoo.

Majirani hatuwezi kuwauliza kama walimwona mtu, maana kuuliza ni kutangaza. Mama alikwenda Katwe akijifanya anatafuta vifungo. Fundi mwenzako alisema baraza limefungwa na hakuna aliyekuja. Kila jioni tunaweka sahani yako na hatusemi ni ya nani.

Nimejaribu kufikiri sawasawa, kama unavyonifundisha kupima kabla ya kukata. Kama unaisoma barua hii kwa Shangazi, basi hukuwa wewe. Utakuwa umekaa uani, mguu umenyooshwa, koti magotini, unafumua mishono yangu na kunung'unika. Basi nilifanya vema, na aliyesimama mlangoni Mungu amemwondoa. Naomba iwe hivyo. Naomba hata kama maana yake ni kwamba wale watu sasa wanajua nyumba yetu.

Lakini kama koti litafika na Shangazi akasema ulishaondoka, ulisema unakwenda kuwashtua nyumbani, basi hakuna atakayeisoma. Na hapo naogopa kumaliza sentensi. Naogopa ulinyooshwa mguu, ukavuka mpaka kwa miguu yako miwili, ukapita vizuizi vyote bila mtu kukuita kwa kidole, ukasimama mlangoni kwako ukishika amri yako mwenyewe ya kutoita, na mwanao akakaa chini ya meza akikusikiliza na asikujue. Kama ulirudi barabarani mvua ile, ulikwenda wapi? Mguu ulikuwa unauma? Ulidhani wametuchukua?

Mama hajui kama nimeandika haya. Yeye amekuambia kwa mdomo wa mama wa vitenge kwamba sote wazima, ukae hadi upone kabisa, usiharakishe. Mimi nasema hivyo pia. Kaa. Fuata kila alichokuambia daktari, usilipige goti sakafuni, tumia kitu laini. Ukisikia hali huku imezidi, usije kabisa, tutakuja sisi.

Ila kama utakuja, nina ombi, na nimeona haya kuliandika hadi nimefika mwisho wa karatasi. Ukishapita bomba, kwenye vipande vya matofali, chechemea kidogo. Najua haliumi tena. Najua umelazwa, umekatwa, umefungwa plasta, ili usitembee vile. Usilielemee goti, buruta tu ukingo wa kiatu, na uharakishe ile kwaru, usiicheleweshe. Nitakuwa nyuma ya mlango, na nitafungua kabla hujagonga.

Ukishaingia, tembea unavyopenda. Zunguka chumba, nenda hadi dirishani na urudi. Mimi nitakaa chini ya cherehani nikusikilize, hadi nikujue tena.

Nakuaga kwa mikono miwili,

Binti yako, aliye nyuma ya mlango